Safari ya Italia na Nia ya Msafiri

Katika boti itokayo Unguja kwenda Dar es Salaam, asubuhi moja ya kusi bahari ilipokuwa imechafuka na abiria wengi wamefumba macho kwa kichefuchefu, binti wa ndugu yangu alikuwa ameketi kando yangu akisoma riwaya ya Kiingereza bila ya kuinua uso, kidole chake amekitia baina ya kurasa za mbele kama mtu anayechelea kuwa safari itakwisha kabla ya hadithi. Juu ya jalada palikuwa na nyumba za rangi ya waridi na manjano zilizopandana juu ya jabali, na chini yake bahari ya buluu isiyo na wimbi hata moja. Ilikuwa ni picha ya Positano, mji wa kusini mwa Italia, na kitabu chenyewe kilikuwa ni *One Italian Summer*, kilichotungwa na Rebecca Serle na kuchapishwa mwaka 2022. Tulipoanza kuiona minara ya bandari alikifunga akaniuliza: "Ami, kweli mtu huweza kuondoka kwao akaenda mahali, akapata mapenzi na akapata kazi ya moyo wake, yote mawili pamoja?" Nilimwambia kuwa swali lile halijibiki gatini, watu wakigombania mizigo, nikamwahidi kuwa nitamjibu kwa kalamu. Hili ndilo jawabu nililomwahidi.

Riwaya za aina ile zimekuwa nyingi, na msomaji aliyesoma tatu au nne huijua njia kabla ya kuianza. Mwanamke wa London au New York amevunjikiwa na ndoa, au amefiwa, au amechoshwa na kazi ya ofisini. Anaondoka na sanduku moja kwenda Toscana, au Sicilia, au pwani ya Amalfi. Anakuta huko nyumba kuukuu yenye paa linalovuja, bibi mtu mzima anayekanda unga jikoni kwa mikono yake, na mwanamume asiye na haraka ya jambo lolote. Na kabla ya kurasa kwisha amekwisha kufungua mkahawa, au kuandika kitabu, au kuipaka rangi nyumba ile mpaka ikang'aa, na yule mwanamume amesimama mlangoni. Wako wenye elimu wanaovidharau vitabu hivi kwa kuwa vinafanana. Mimi siko pamoja nao. Hadithi za kale za mataifa mengi, zetu zikiwa miongoni mwake, zilimsifu mwanamke kwa subira ya kungoja, mwanamume ndiye akapewa chombo, bahari na sifa. Na mtungaji anayemwambia msomaji wake kuwa mwanamke naye ana haki ya kutamani pendo na kutamani kazi, asione haya kwa lolote katika mawili hayo, amesema neno ambalo wanawake wengi wameishi na kufa bila ya kuambiwa na mtu yeyote.

Lakini neno la haki laweza kuelezwa kwa mfano usiokuwa sawa, na hapo ndipo ninapotaka kusimama. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno jaha, nalo ni heshima na cheo anachokipata mtu mbele ya watu. Walilitenga na ari, ambayo ni moto wa ndani usiokubali kushindwa, wakalitenga pia na tamaa, ambayo haina ukomo. Jaha hupatikana: huja kwa juhudi, na mara nyingine huja kwa bahati. Tunasema kupata kazi, kupata mali, kupata cheo, na kwa neno lile lile tunasema kupata homa, maana kupata ni jambo linalomjia mtu kutoka nje. Kupenda ni tendo la mtu mwenyewe. Hakuna anayeweza kwenda sokoni, wala ng'ambo, akarudi nalo pendo ndani ya kikapu. Akipendwa, amepewa na mwenzake, na akipenda, ametoa yeye. Kwa hiyo anapouliza binti yetu kama mtu huweza kuyapata yote mawili mahali pamoja, ameyaweka katika mizani moja mambo mawili yasiyopimwa kwa jiwe moja. Wala kosa si lake, kwa kuwa jalada la kitabu ndilo lililompangia swali.

Kitabu kilichoifungua njia hii zaidi ya vingine, na kwa maoni yangu kikabaki kuwa bora kuliko vingi vilivyokifuata, ni *The Enchanted April* cha Elizabeth von Arnim, kilichotoka mwaka 1922. Mwandishi alikuwa amepanga ngome ya kale huko Portofino mwaka uliotangulia, na hapo ndipo hadithi ilipozaliwa. Wanawake wawili wa London wasiojuana wanaona tangazo gazetini, siku ya mvua ya mwezi wa Februari, kwamba ngome ndogo ya Italia inapangishwa kwa mwezi wa Aprili. Kodi yake ni paundi 60, nao hawana fedha za kutosha, basi wanatafuta wanawake wengine wawili wagawane gharama. Mmoja wa wale wawili wa kwanza, Bibi Wilkins, ameolewa na mwanasheria bahili mwenye maneno baridi, na fedha anazolipia ni akiba aliyoiweka kidogo kidogo kutoka katika posho yake ya nguo. Anaondoka kwa siri ya nusu, akiwa na furaha ya mtu aliyetoroka.

Hebu tulitazame kwa karibu jambo linalotokea siku za kwanza. Anaamka asubuhi, anafungua madirisha ya mbao, na jua lote la bahari ya Portofino linamwangukia usoni. Na katika furaha ile, badala ya kushukuru kuwa mumewe yuko mbali, anamkumbuka, anaona haya, na haupiti muda anakaa kumwandikia barua ya kumwalika. Amegundua kuwa nyumbani kwake alikuwa akipenda kwa kipimo: akipewa kibaba hutoa kibaba, akinyimwa hunyima, na alikuwa akiiita hali ile uadilifu. Italia haikumpa mume mpya wala mpenzi. Ilimwondolea mizani mkononi, akaanza kutoa bila ya kuhesabu, na yule mume aliyekuja akiwa na fikra za faida yake mwenyewe akaanza naye kulegea. Huenda msomaji mgumu akasema kuwa mambo hayaendi hivyo duniani, na mara nyingi atakuwa amesema kweli, maana wako waume ambao ukarimu wa mke huwazidishia ubahili. Hata hivyo mwandishi amelitia jambo mahali pake: mahali pageni pana nguvu ya kumfungua mtu macho, ila anachokiona baada ya kufunguliwa ni nafsi yake na deni lake.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyogeuka katika miaka yetu. Frances Mayes, mshairi wa Marekani, aliandika mwaka 1996 kitabu cha maisha yake kiitwacho *Under the Tuscan Sun*, akisimulia jinsi alivyonunua nyumba iliyochakaa nje ya mji wa Cortona, iitwayo Bramasole, na jinsi alivyoitengeneza kwa taabu ya mawe, mabomba na visima. Katika kitabu hicho yuko na mwenzake. Wanabeba mawe pamoja, wanapika pamoja, wanagombana na mafundi pamoja. Filamu ilipotengenezwa mwaka 2003, yule mwenzake aliondolewa, na mwandishi akageuzwa mwanamke aliyeachwa na mumewe, anayenunua nyumba peke yake huku moyo ukitafuta. Nimelifikiri sana jambo hili. Pendo lililokuwako tangu mwanzo, lile la watu wawili kupakua chokaa juani, lilionekana halina hadithi. Ilibidi lifutwe ili Italia iweze kuonekana kuwa ndiyo mtoaji. Na kitabu cha Elizabeth Gilbert cha mwaka 2006, *Eat, Pray, Love*, ambacho watu wengi hukitaja wakitaka mfano wa mapenzi ya Italia, kina habari nyingine kabisa: katika miezi minne ya Roma mwandishi alijizuia na mapenzi kwa makusudi, akajifunza lugha na akala chakula kwa shukrani, na mwanamume aliyempenda baadaye alimkuta Bali. Kumbukumbu za wasomaji zimelihamishia Italia pendo lile, kwa sababu nchi ile imekwisha kupewa kazi ya kuoza watu.

Huko Verona kuna ua mmoja unaoitwa nyumba ya Giulietta, na juu ya ua ule kuna roshani ya mawe ambayo watalii huisimamia foleni. Roshani ile iliunganishwa na ukuta katika karne ya 20, kwa mawe ya kale yaliyotoka mahali pengine, ili wageni waliosoma Shakespeare wakione walichokifuata. Chini yake kulisimamishwa sanamu ya shaba ya msichana, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakiligusa titi lake la kulia kwa kutafuta bahati ya mapenzi, mpaka shaba ikalika na kupasuka, na mwaka 2014 sanamu ya asili ikabidi iondolewe na nyingine ya mfano wake ikawekwa. Mikono iliyoila shaba ile haikuwa mikono ya wapumbavu. Ilikuwa mikono ya watu wenye haja kubwa, nami siwezi kuifikiri bila ya huruma. Lakini walichokuwa wakikiomba kwa shaba, shaba haina.

Hadithi ya Italia kuwa nchi ya kuahidiwa ina umri mkubwa kuliko hoteli na riwaya zake, na mwanzo wake unatuhusu sisi wa Afrika. Virgil, mshairi wa Roma aliyekufa mwaka 19 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alisimulia jinsi Aeneas, mkimbizi wa mji ulioteketea, alivyotupwa na bahari kwenye pwani ya Karthago, karibu na Tunis ya leo, akapokewa na malkia Dido, mjane aliyekuwa akijenga mji wake mpya. Malkia yule alikuwa na jaha yake mwenyewe. Kuta zilikuwa zikipanda, bandari zikichimbwa. Alipopenda, minara ilisita katikati. Kisha Aeneas akakumbushwa na miungu yake kuwa bahati yake iko Italia, wala si hapo, akatweka tanga. Na alipotazama nyuma kutoka baharini aliona moto ukiwaka mjini, asijue kuwa ni kuni za mauti ya yule aliyemwacha. Basi katika shairi lililoasisi fahari ya Roma, Italia ni jaha na Afrika ni pendo, na mwanamume huvuka kutoka la pili kwenda la kwanza. Riwaya za leo zimelipindua jahazi: Dido ndiye anayetweka. Hilo nalifurahia kwa dhati. Ila bado nauliza, katika kila riwaya ninayoifungua, ni nani aliyebaki pwani.

Wasomaji wa Kiswahili walikwisha kukutana na mapenzi na jaha ya Italia tangu mwaka 1969, Julius Nyerere alipotupa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Bassanio, kijana mwenye madeni, anapomweleza rafikiye habari za Portia, hutangulia kutaja urithi wake, kisha uzuri, kisha tabia. Na safari yake ya kwenda kuposa inalipiwa kwa mkopo ambao dhamana yake ni ratili ya nyama ya mwili wa mtu mwingine, rafiki yule yule Antonio. Huko anawekewa masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Mawili ya kwanza yanaahidi kuwa mwenye kuchagua atapata; la tatu linamtaka atoe na kuhatarisha kila alicho nacho, na picha ya Portia imo ndani ya hilo la tatu. Shakespeare aliona tofauti ya kupata na kutoa waziwazi kuliko watungaji wengi wa karne hii, ijapokuwa naona vigumu kumsamehe Bassanio, maana alichokihatarisha hasa kilikuwa ni kifua cha Antonio.

Katika dini yetu kuna hadithi ya Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, iliyopokewa na Umar bin Khattab na kuwekwa na Imam Bukhari mwanzoni mwa kitabu chake, ambayo watoto wa vyuoni huihifadhi kabla ya nyingine kwa kuwa ni ya kwanza katika Arobaini za Imam Nawawi. Maana yake ni kwamba amali zinahesabiwa kwa nia; na mfano uliotolewa ni wa safari: mwenye kuhajiri kwa ajili ya Mungu, hijra yake ni ya Mungu, na mwenye kuhajiri kwa ajili ya dunia aipate, au mwanamke amuoe, hijra yake ni ya kile alichokifuata. Wanavyuoni wamesimulia pia habari za mtu aliyetoka Makka kwenda Madina kwa kutaka kumuoa mwanamke aitwaye Umm Qays, naye akajulikana kwa jina la Muhajiri wa Umm Qays. Wala haikutajwa kuwa ndoa ile ilikuwa haramu, au kuwa mtu yule alikuwa mwovu. Kutafuta mke ni halali, na kutafuta riziki ni halali. Kilichosemwa ni kwamba safari haina thamani nyingine zaidi ya ile aliyoipakia msafiri mwenyewe. Njia ilikuwa moja, jangwa moja, kiu moja, na watu wawili waliotembea bega kwa bega walifika katika miji miwili tofauti.

Nikiipima riwaya ya Italia kwa kipimo hiki, siiulizi kama mwanamke alifanya vema kuondoka. Naiuliza alipakia nini. Na hapa yaja shaka ambayo Dante, mtu wa Firenze aliyezaliwa mwaka 1265, aliitia katika sehemu ya kwanza ya utenzi wake mkubwa, pale anapokutana motoni na Francesca na Paolo, wapenzi waliouawa na mume wa mmoja ambaye ni ndugu wa mwingine. Francesca anaeleza jinsi walivyokuwa wameketi wakisoma, bila ya dhana mbaya, hadithi ya Lancelot, na walipofika pale shujaa anapombusu malkia, nao wakabusiana. Naye anakilaumu kitabu na mtungaji wake kwa kazi ya ukuwadi. Pendo walilodhani limewatoka moyoni lilikuwa limewatoka ukurasani. Mwanafikra wa Kifaransa René Girard, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alilifanya jambo hili kuwa msingi wa elimu yake: kwamba mtu aghalabu hatamani kitu kwa ajili ya kitu, bali hutamani kwa kumwiga mwingine aliyekitamani kabla yake. Nami naona kuwa wengi wanaokwenda Toscana wamepakia shauku ya mtu mwingine, iliyokunjwa vizuri kama nguo ya kuazima, na huko wanashangaa kuwa haiwakai.

Mwitalia mwenyewe hakuiona nchi yake kwa jicho hilo. Tangu mwaka 1876 mpaka 1976 walihama Italia watu zaidi ya milioni 25, wakienda Marekani, Argentina, Brazili, Ufaransa, Ujerumani. Na wengi walitoka katika milima na vijiji vile vile ambavyo leo huchorwa majaladani. Hata sasa viko vijiji vya Sicilia, Sambuca mojawapo, ambavyo vimeuza nyumba tupu kwa bei ya kuanzia yuro moja, kwa kuwa vijana wamekwenda kutafuta kazi na wazee wamekufa. Ile nyumba yenye paa linalovuja anayoikuta mgeni katika sura ya tatu iliachwa na mtu, na mtu yule naye alikuwa na ndoto ya mapenzi na jaha, ila ndoto yake ilikuwa Buenos Aires. Riwaya nne za Elena Ferrante zilizotoka tangu mwaka 2011 mpaka 2014 zinalisema jambo hili kwa sauti ya wenyeji: wasichana wawili wa mtaa wa kimaskini wa Napoli, wote wenye akili kali, mmoja anasomeshwa mpaka chuo cha Pisa na kuwa mwandishi, mwingine anatolewa shuleni baada ya madarasa ya mwanzo na kubaki. Aliyeondoka anaipata jaha, na maisha yake yote anaitazama nyuma ile akili iliyobaki mtaani, akijua kuwa sehemu kubwa ya alichokiandika ni ya yule. Sijapata kusoma riwaya ya zama hizi iliyomtazama mtu wa pwani kwa uaminifu kuliko hiyo. Na sisi wa Afrika Mashariki tunaowaona Waitalia waliohamia Malindi kwa wingi, wamejenga nyumba na mikahawa kwa kuwa wamekuta kwetu kile ambacho Mwingereza anakitafuta kwao, hatuna haja ya kuelezwa zaidi kuwa pepo ya mtu mmoja ni kitongoji anachokitoroka mwenzake. Wala haitupasi kusahau kuwa watu wengine huifuata Italia bila ya jalada: mwezi wa Oktoba 2013 walizama karibu na kisiwa cha Lampedusa watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea, ambao nao walikuwa na wachumba, na walikuwa na kazi walizozikusudia kufanya.

Iko riwaya moja ya Kimarekani ambayo ningependa binti yetu aisome baada ya ile ya botini. Ni *Beautiful Ruins* ya Jess Walter, iliyotoka mwaka 2012. Pasquale, kijana mwenye hoteli isiyo na wageni katika kijiji cha wavuvi cha kubuniwa, ana tamaa kubwa ya kukifanya kijiji chake kishuhurike, hata anapanga mawe juu ya jabali akitaka kujenga uwanja wa tenisi mahali ambapo mpira ungeanguka baharini kila unapopigwa. Mwaka 1962 anashushwa kutoka mashuani mwigizaji mzuri wa Kimarekani, mgonjwa, na moyo wa Pasquale unakwenda wote. Kila kanuni ya aina hii ya kitabu inadai kuwa hapo ndipo pendo lake. Lakini Pasquale ana mtoto Firenze, aliyezaa na msichana ambaye hakumuoa. Na anapotambua kuwa mwanamume aliyemtia mgeni wake mashakani amefanya lile lile alilolifanya yeye, anakwenda Firenze, anamuoa mama wa mwanawe, na anaishi naye miaka mingi katika ndoa ya kweli. Uzeeni, akiwa mjane, anasafiri kwenda Marekani kumwona yule mwigizaji mara moja kabla hajafa. Mtungaji hakumwambia msomaji kuwa wajibu ni mtamu kuliko shauku. Alimwacha Pasquale aonje hasara yake yote. Alichokikataa ni kuandika furaha ambayo msingi wake ni mtoto aliyesahauliwa Firenze.

Na kwa insafu ni lazima niseme kuwa hata kitabu cha Positano, kilichonifanya nishike kalamu, kina chembe hii ndani yake. Binti aliyefiwa na mama anamwacha mumewe nyumbani, anakwenda katika mji ambao mama alikuwa akiusifu, na kwa muujiza wa hadithi anamkuta mama yule akiwa kijana wa miaka 30, mwenye furaha na mipango mikubwa ya kazi. Anampenda upya. Kisha anafahamu kuwa mwaka ule mama alikuwa amekwisha kuzaa, na kwamba mtoto mchanga aliyeachwa ng'ambo, ili mama aje kuitafuta ari yake, ndiye yeye mwenyewe. Kwa kurasa chache riwaya inakuwa kubwa kuliko jalada lake: aliyetweka tanga na aliyebaki pwani wamekaa meza moja, wanatazamana. Hapo ndipo lilipo swali la mapenzi na jaha, katika macho ya wale wawili, na hapo mwandishi angekaa kitako zaidi lau asingekuwa na haraka ya kuwapatanisha.

Sasa nimjibu binti yetu kwa mfano wa mtu aliyeishi. Mwaka 383 kijana wa Kiafrika, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alipanda chombo usiku huko Karthago kwenda Italia kutafuta cheo. Ndiye Augustino, ambaye Wakristo humwita Mtakatifu. Mama yake Monika hakutaka aende peke yake. Kijana akamdanganya kuwa anamsindikiza rafiki, akamwacha akisali katika nyumba ya ibada iliyo karibu na bandari, na asubuhi mama akakuta bahari tupu. Utotoni Augustino alikuwa akimlilia Dido kila aliposoma Virgil, na mwenyewe amekiri hayo. Alipokuwa mtu mzima alisafiri njia ile ile ya Aeneas na akamwacha mtu pwani ile ile. Mwaka uliofuata alipata Milano kazi ya kufundisha ufasaha, kazi ya heshima katika mji wa mfalme. Jaha ilikuwa mkononi, ikabaki ndoa ya kuikamilisha, basi akaposewa msichana wa nyumba ya maana, ambaye umri wake ulikuwa bado, ikawa ni kumngoja. Lakini alikuwa na mwanamke wa Kiafrika aliyeishi naye zaidi ya miaka kumi, mama wa mwanawe Adeodatus. Mwanamke huyo alionekana ni kizuizi cha posa, akarudishwa Afrika. Augustino ameandika kuwa moyo wake, uliokuwa umeshikamana na mwanamke yule, ulichanika ukatoka damu. Na kwamba mwanamke huyo aliondoka akiwa ameweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine. Posa ile haikufika harusini. Augustino alibatizwa Milano mwaka 387, akarudi Afrika, akawa askofu wa Hippo, na vitabu vyake vinasomwa mpaka leo duniani kote.

Basi, mwanangu, katika Italia ile mmoja alikwenda kutafuta, na mwingine alitoa kila alicho nacho, na aliyetoa hana hata kaburi linalojulikana. Katika vitabu 13 vya maungamo yake Augustino amemtaja mama yake kwa jina, na mwanawe, na rafiki zake, lakini jina la mwanamke yule hakuliandika. Nawaomba watungaji wetu wanaotaka kuandika habari za mapenzi na jaha ya Italia, wa Kiswahili wakiwa wa mbele, waanze na yeye, siku aliyopanda chombo kurudi Afrika na mwanawe amemwacha Milano.